Pishi siyo kilo mbili na nusu jamani

Mtu akiniletea daftari la zamani la biashara ya huku pwani nimsaidie kulisoma, hata hajakaa vizuri ananiambia niandikie hapo pembeni kwa kilo, si pishi ni kilo mbili na nusu? Hapana. Nimesema mpaka nimechoka, pishi ni kipimo cha ujazo, siyo uzito. Ni chombo, unajaza unamwaga, unajaza unamwaga. Ndani yake mna vibaba vinne au visaga viwili, basi. Hata ile haba na haba mnayoisema kila siku, si inajaza kibaba? Hakuna aliyesema kinapandishwa mizani.

Hiyo kilo mbili na nusu wengi wameitoa kwenye zakatul fitri, masheikh wanakadiria ili mtu mwenye mizani nyumbani ajue atoe mchele kiasi gani, sawa kabisa kwa kazi hiyo. Ila ni makadirio ya nafaka, sasa wewe unayachukua unayabandika kwenye unga, kwenye choroko, kwenye kila kitu alichouza babu yako! Chukua kopo lolote la lita moja, jaza mchele, pitisha kijiti juu usawazishe, pima. Utapata kama gramu 800 na kitu. Mwaga, jaza unga wa ngano bila kuushindilia, sawazisha vilevile, utakuta nusu kilo na ushee tu. Kopo ni lilelile. Halafu gonga kopo mezani mara mbili tatu uone unga unavyoshuka na nafasi inavyopatikana juu, hapo ndo utaelewa kwa nini mnunuzi alikuwa anamkazia macho mpimaji.

Na kuna jambo ambalo watu wanalipita kabisa nalo ndo lina pesa yenyewe, kipimo cha mfuto na kipimo cha tele. Mfuto umefutwa juu, umelingana na ukingo, tele kina kilima mpaka punje zinaanza kuporomoka. Mtu ananunua kwa tele anauza kwa mfuto, faida yake iko kwenye kile kilima na bei hajaigusa. Kwa hiyo daftari likiandika pishi 20 bila kusema ya namna gani mi siandiki kilo hata unilipe mara mbili, nakuandikia pishi 20 na jina la bidhaa. Na pishi ya mji huu na ya mji ule hazikuwa lazima zilingane, usije na jedwali moja la pwani nzima.

Mengine ya harakaharaka. Frasila siyo gunia wala debe, hiyo sasa ndo uzito kweli, Zanzibar ilikuwa ratili (yaani pauni) 35 au 36 hivi, yaani kama kilo 16, na ndo walipimia karafuu na pembe za ndovu. Ila usiibebe ukaenda nayo kila bandari, Ethiopia kwenye kahawa inahesabiwa kilo 17.

Eti wazee walikuwa wanakisia tu. Wakisie nini na wakia, ratili na frasila zipo, na mizani ipo?

Nguo nazo, mtu anadhani doti ni jozi ya khanga tu toka enzi. Doti ilikuwa kipimo cha kitambaa, shuka mbili, kila shuka mikono minne, jumla mikono minane, na merikani, kile kitambaa cha pamba cha kutoka Marekani, ilienda bara kwa hesabu hiyo. Jumla yake ni kama wari (yaani yadi) 4, lakini kabla hujazidisha chochote angalia ni mkono gani, kuna mkono kamili unaoishia ncha ya kidole na kuna mkono konde unaoishia kwenye ngumi iliyofumbwa, na mara nane tofauti hiyo siyo ndogo, muuzaji aliijua vizuri sana.