Picha za marehemu chini ya kitanda: tunayoambiwa na yaliyo kweli kuhusu kumfikisha mchoraji makumbusho

Mwanjelwa, hapa Mbeya, walimjua baba mdogo kama fundi wa mabango, na hata msibani alitajwa hivyo: mtu wa kuandika "Kinyozi", "Bucha", "Leo Fedha Kesho Mkopo". Mabango ya kuprinti yalipoingia mjini kazi zikakata, akawa mtu wa kushinda nyumbani Iyunga. Hakuna aliyeuliza anashinda akifanya nini. Baada ya arobaini tulikwenda kutoa kitanda chake, tukakuta picha 38 zimelazwa moja juu ya nyingine, nyingi zikiwa kwenye vipande vya silingibodi, zimechorwa kwa rangi ya mafuta iliyosalia kwenye kazi za wateja. Mlima Loleza asubuhi ya ukungu. Kina mama wa Uyole wakishona magunia ya viazi. Soko la Mwanjelwa likiungua mwaka 2006, moshi umefunika nusu ya picha, na pembeni mtu mmoja amekumbatia cherehani yake.

Tangu siku hiyo nahangaika picha hizi zipate mahali makumbusho, kwa jina lake. Washauri sijakosa: shangazi, mwenyekiti wa mtaa, mafundi wenzake, mpaka kondakta wa Hiace. Mengi waliyoniambia niliyaamini, na yamenigharimu muda.

"Kizuri chajiuza, we tulia tu"

Methali hii imetuchelewesha mwaka mzima. Anayeitoa hukimbilia kumtaja Vincent van Gogh, Mholanzi aliyekufa maskini mwaka 1890 na leo anajulikana dunia nzima. Kama vile picha zake zilishuka ukutani zikatembea zenyewe.

Zilitembezwa. Mdogo wake Theo, aliyekuwa amezitunza, alimfuata kaburini miezi 6 baadaye. Akabaki mjane wa Theo, Johanna, umri miaka 28, ana mtoto mchanga na nyumba imejaa picha za shemeji. Huyo mama ndiye aliyezihangaikia. Aliziazimisha kwa waandaaji wa maonyesho, akauza chache kwa kuchagua nani anauziwa, zilizo bora nyingi akazishikilia. Mwaka 1905 alifanikisha maonyesho ya kazi zaidi ya 400 kwenye jumba la Stedelijk mjini Amsterdam. Mwaka 1914 akachapisha barua ambazo Vincent alimwandikia Theo, na barua hizo ndizo zilizowapa watu sababu ya kumtazama mchoraji upya. Mwaka 1924, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, akakubali kuiuzia National Gallery ya London moja ya zile picha za alizeti. Hesabu mwenyewe: miaka 33 ya kuandika barua, kufunga vifurushi na kubembeleza watu.

Halafu hata ile habari kwamba Van Gogh aliuza picha moja tu maishani imetiwa chumvi. Inayotajwa ilinunuliwa na mchoraji mwenzake, Anna Boch, mwaka 1890 kwa faranga 400. Lakini miaka 8 kabla ya hapo ami yake alikuwa ameshamlipa kwa michoro ya mji wa The Hague. Si tajiri, sawa, lakini pia hakuwa mtu asiyewahi kushika hela ya kazi yake. Nalisema hili kwa sababu ndugu wengi hupenda kumfanya marehemu wao maskini kuliko alivyokuwa, wakidhani huruma itafungua mlango. Huruma hukuletea chai tu pale mapokezi.

"Fundi wa mabango si msanii, makumbusho wanataka waliosoma"

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mkoani Ruvuma, hakusomea sanaa popote. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hivi, kwenye hadibodi, kwa rangi ya kung'aa ile ya kupaka baiskeli, na picha ziliuzwa kwa shilingi chache Oysterbay, pale Morogoro Stores. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi waliodhani ni mhalifu anayekimbia. Miaka 4 ya kazi, basi. Ila alikuwa ameshawafundisha vijana, wengi wao ndugu zake, na hao hawakuweka brashi chini. Mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika, na jina lake likageuka jina la mtindo mzima.

Sasa mtazame Sam Ntiro wa Machame. Amesoma Makerere, amesoma London, amekuwa balozi wetu Uingereza baada ya uhuru. Picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iko kwenye Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York tangu mwaka 1960. Nimewauliza vijana wanaochora pale Kabwe kama wanamjua. Mmoja aliniuliza kama ni mchezaji.

Kwa hiyo cheti hakifungui, na hata mlango ukifunguka New York, nyumbani unaweza ukabaki hujulikani. Kilichombeba Tingatinga ni watu waliobaki wakilitaja jina lake kila siku kazini. Nilipolielewa hili niliacha kwanza kuandika barua za kwenda mbali, nikaanza kuwatafuta wateja wa baba mdogo.

"Wanachotaka ni picha tu"

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Nilikwenda kwenye ofisi moja na picha tatu nimezifunga kwenye shuka. Yule mama aliyenipokea alizitazama kwa heshima, akasema nzuri, kisha akauliza: alichora lini? Wapi? Huyu mwenye cherehani ni nani? Baada ya yeye kufariki zimepita mikononi mwa nani? Nikabaki kutabasamu kama mtoto aliyesahau shairi.

Makumbusho hupokea kitu pamoja na habari zake. Kikikosa habari, ni ubao wenye rangi. Sisi wa nyanda za juu tuna mfano wetu mkubwa kuliko picha yoyote: fuvu la Mtwa Mkwawa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani ilirudishe. Lilirudi mwaka 1954. Gavana Twining wa Tanganyika alipofika kwenye makumbusho ya Bremen alikuta mafuvu yapatayo 2,000, na hakuna maandishi ya kusema hili ndilo. Ikabidi yapimwe na kulinganishwa na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa. Fuvu lililopatikana kwa njia hiyo ndilo lililopo Kalenga, na bado wapo wanaojiuliza kama ndilo lenyewe. Kama mtawala aliyewatoa jasho Wajerumani anaweza kukosa kibandiko, fundi wa mabango wa Iyunga ni nani?

Kilichotuokoa ni daftari la madeni. Baba mdogo hakuandika kumbukumbu zake za maisha, lakini kila mteja aliyekuwa na deni kwake alimwandika: jina, kazi, rangi gani, tarehe. Kwa kuwa picha zake alichora kwa rangi za mabaki, daftari lile limekuwa kalenda. Kijani cha bango la duka la dawa lililoandikwa Machi 2008 ni kijani kilekile cha picha ya chai ya Tukuyu. Siwezi kuapa kwamba aliichora mwezi huohuo, ila kabla ya hapo kopo lile hakuwa nalo. Mwenye duka yupo hai, na bango bado lipo limepauka. Nimelipiga picha, kwa sababu kuta za mji huu kila mwaka zinapakwa upya rangi za makampuni ya simu na kazi za mafundi wa zamani zinafunikwa.

Wazee nao nawarekodi kwa simu. Fundi mwenzake ndiye aliyemtambua mwenye cherehani, na amenielekeza anapoishi.

"Zisafishwe kwanza zing'ae, watu waone thamani"

Shangazi, kwa upendo wote, alifuta picha mbili kwa kitambaa na maji ya sabuni. Moja ilitoka na nusu ya anga. Binamu naye akaja na kopo la vanishi ya milango. Huyo tuliwahi kumzuia getini.

Picha ya zamani haisafishwi na mtu asiyejua. Vumbi ukiliacha, mtaalamu atalitoa. Rangi iliyong'oka hairudi, na vanishi ya milango hugeuka njano na haitoki bila kubeba kilicho chini yake. Kosa letu kubwa lilikuwa kuzipeleka kwa bibi Tukuyu ili ziwe salama. Salama na wezi, ndiyo. Lakini Tukuyu mvua ni kama jirani asiyeaga, na tulikuwa tumezifunga kwenye nailoni tukidhani tunazikinga. Nailoni hufungia unyevu ndani. Baada ya masika nne zilikuwa na ukungu mweupe mgongoni.

Sasa zipo Iyunga, zimesimamishwa wima juu ya mbao, haziko sakafuni kwa ajili ya mchwa na maji, haziko karibu na jiko wala dirisha la jua, na hazigusi ukuta. Kati ya moja na nyingine kuna kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila kutiwa wanga. Kila moja ina namba kwa penseli nyuma, pembeni, si kwa kalamu ya wino maana wino hupenya. Nimezipiga picha mbele na nyuma, kivulini nje, saa nne asubuhi, rula ikiwa pembeni. Mgongo wa ubao una mambo: namba za simu, hesabu za misumari, jina la mtu.

"Haina saini, tumsainie"

Msithubutu. Soko limejaa "Tingatinga" zenye saini ya marehemu ambazo marehemu hakuzigusa. Ikigundulika saini moja mmeiweka ninyi, zile 37 nyingine nazo zinakuwa za kutiliwa shaka. Baba mdogo alisaini picha 6 tu. Nimeandika hivyo: 6.

"Mwenye picha ndiye mwenye kila kitu"

Ndugu yetu mmoja aliuza picha tatu kwa mgeni aliyepita kwenda Matema, hela akala, risiti hakuandika. Hakuwa na nia mbaya. Ila picha zile zilikuwa mali ya mirathi, na hapakuwa na msimamizi aliyeteuliwa. Makumbusho makini hayapokei zawadi kutoka kwa mtu asiyeweza kuonyesha kwamba anayo mamlaka ya kuitoa, kwa hiyo tulirudi nyuma: cheti cha kifo, kikao cha ukoo, muhtasari wenye saini za wote, Mahakama ya Mwanzo. Miezi ikapita.

Tena ubao ni kitu kimoja na hakimiliki ni kitu kingine. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki za mchoraji hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Yule mgeni ana mbao tatu. Akitaka kuzichapa kwenye kalenda, anapaswa kuwaomba warithi. Nasi tukiikabidhi makumbusho picha, karatasi ya makabidhiano iseme wazi kama tunatoa ubao peke yake au pamoja na haki ya kuichapa.

"Twende Dar, huku hakuna makumbusho"

Iringa kuna Boma, jengo la enzi za Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa mwaka 2016. Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Si kwamba Dar ni kubaya. Lakini picha ya viazi vya Uyole ikining'inia Iringa itatazamwa na mtu aliyewahi kubeba gunia lile, naye atasema jambo la kuandikwa. Maonyesho madogo ya wiki mbili karibu na nyumbani, yenye daftari la wageni na tangazo lenye tarehe, huwa tayari ni ushahidi wa kuambatanisha kwenye barua inayofuata.

"Wakikataa, ndiyo mwisho"

Mwaka 1970 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Stockholm yaliletewa kama zawadi kazi za Hilma af Klint, mama mchoraji wa Kisweden aliyefariki 1944. Yalikataa. Ukoo wake ukaendelea kutunza kazi zaidi ya 1,000 na madaftari yake. Mwaka 2018 zilipoonyeshwa kwenye makumbusho ya Guggenheim, New York, walikwenda kuzitazama watu zaidi ya 600,000.

Na wakikubali, usitegemee kuiona ukutani kesho yake. Makumbusho mengi huonyesha sehemu ndogo tu ya walivyo navyo, vingine vinalala stoo miaka. Hela nayo usiihesabu; mara nyingi ni zawadi na barua ya shukrani. Shangazi aliposikia hilo alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama stoo yao inavuja.

Kwenye orodha yangu picha 31 sasa zina jina la mahali panapoonekana, mwaka wa kukadiria na angalau shahidi mmoja. Namba 22 bado ni tupu. Inaonyesha mtoto ameshika kamba ya mbuzi mbele ya kanisa la bati jekundu, na nyuma yake kuna mlima ambao mimi nasema ni Rungwe na fundi mwenzake anasema si Rungwe. Jumamosi napanda gari la asubuhi kwenda kuuliza.