Kupamba Chambo Bandia: Maana Yake na Pa Kuanzia

Chambo bandia ni kitu kisicholika kilichoundwa ili samaki mwindaji akidhanie kuwa kiumbe hai: kidagaa, chura, kamba, au mdudu aliyeanguka majini. Huchongwa kwa mti, humiminwa kwa plastiki, hukatwa kwa bati au hufungwa kwa manyoya, na hubeba ndoana moja au zaidi. Kukipamba ni kukitia sura. Hapo ndipo zinapoingia rangi, magamba ya kuchora, macho, vipande vinavyomeremeta, manyoya ya mkiani, na mwisho ganda gumu la kung'aa linalofunika kazi yote ili maji na meno yasiifikie.

Ni hobi inayoweza kusimama peke yake. Wapo wavuvi wa miaka mingi ambao hawajawahi kushika brashi, na wapo wanaopaka rangi mezani kwao jioni na kuvua mara moja moja tu. Kinachoitofautisha na uchoraji mwingine wa mapambo ni kwamba mtazamaji anayekusudiwa yuko chini ya maji. Mtu akishalishika hilo, kila uamuzi unapata sababu: kwa nini tumbo liwe jeupe, kwa nini jicho liwe kubwa, kwa nini rangi iliyokupendeza mchana juu ya meza isiwe na maana yoyote penye kina.

Desturi yenyewe ni kongwe. Karibu mwaka 200, mwandishi wa Kirumi Aelian alieleza jinsi wavuvi wa Makedonia walivyozungushia ndoana sufu nyekundu na kuifungia manyoya mawili ya jogoo, ifanane na mdudu ambaye samaki wa mto wao walimwinda. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa karibu na zama zetu. Mwaka 1936 huko Ufini, Lauri Rapala alichonga chambo kwa gome la koki, lile jepesi la vizibo vya chupa, akitumia kisu cha fundi viatu na msasa, akakivika karatasi ya fedha iliyofungia chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi, akayeyusha negativu za picha, yaani filamu za kamera, ili apate ganda la juu. Alikuwa amewatazama samaki wakubwa wakiliacha kundi zima na kumfuata mmoja anayeyumba kwa udhaifu, na huyo ndiye aliyetaka kumwiga. Vifaa vyake vilikuwa vya nyumbani. Kilichokuwa adimu ni jicho lake la kuangalia kwa makini, na hilo ndilo ningemtakia kila anayeanza kabla ya kununua kopo la kwanza la rangi.

Tuziangalie rangi, maana ndiko anayeanza hupotezea fedha nyingi. Maji humeza nuru, tena hayamezi rangi zote kwa pamoja. Nyekundu hutangulia kupotea: katika maji maangavu, mita chache tu chini ya uso nguvu yake huwa imekwisha. Hufuata rangi ya machungwa, kisha manjano, na buluu ndiyo inayofika mbali zaidi. Kwa hiyo chambo chekundu kinachovutwa kwenye kina kirefu hakionekani chekundu hata kidogo. Kinaonekana kama umbo jeusi. Si kwamba hakifai, bali kinafanya kazi ya weusi, na mpambaji anapaswa kulijua hilo badala ya kushangaa. Katika maji yenye mwani mwingi hesabu hubadilika, kijani na manjano ndizo zinazosafiri zaidi, ndiyo maana vyambo vya maji ya namna hiyo mara nyingi hupakwa ile rangi kali iliyo kati ya manjano na kijani. Katika maji ya tope hakuna rangi inayokwenda mbali. Hapo kinachohesabiwa ni tofauti kati ya sehemu nyeupe na sehemu nyeusi. Na usiku, samaki anayetazama juu huona umbo likipita mbele ya anga lenye mwanga hafifu, hivyo chambo cheusi tii huonekana vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Macho ya samaki nayo hayalingani na yetu. Binadamu ana aina 3 za chembe za kutofautisha rangi. Yule bass mwenye mdomo mkubwa wa Amerika Kaskazini, samaki anayevuliwa sana kwa chambo bandia, ana 2, moja inayoitikia kijani na nyingine nyekundu. Kwake, buluu nzito na nyeusi zinaweza kuwa kitu kimoja. Samaki wengine huona hata mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni kabisa. Kwa hiyo vivuli kumi na viwili vya buluu vilivyopangwa ubavuni mwa chambo kimoja ni starehe ya mpakaji. Starehe hiyo ni halali, mradi mtu asiihesabu kuwa ndiyo itakayomleta samaki.

Baada ya rangi, kuna mpangilio wake mwilini, na hapa ndipo penye utamu wa hobi hii. Mtazame samaki mdogo yeyote wa maji ya wazi: mgongo mzito wa rangi, ubavu wa fedha, tumbo jeupe. Mwanga hutoka juu, hivyo mgongo mweusi huangazwa na tumbo jeupe hukaa kivulini, na mwili mzima huishia kuonekana bapa, wa rangi moja na maji. Mchoraji wa Marekani Abbott Thayer alilieleza jambo hili mwaka 1896, na si ajabu kwamba ni mchoraji aliyeliona. Ule weupe wa fedha wa ubavuni hutokana na fuwele ndogo za guanini zilizopangwa ndani ya ngozi na magamba, ambazo huirudisha nuru jinsi kioo kinavyofanya.

Sasa fikiria samaki huyo akijeruhiwa. Hawezi kukaa wima. Analala upande, tumbo jeupe linatokeza, ubavu unametameta, na ule ufichaji wote unavunjika kwa nukta moja. Mmeto huo ndio tangazo. Chambo kilichopakwa mgongo mweusi na tumbo jeupe, kikivutwa kikayumba kushoto na kulia, huonyesha na kuficha, huonyesha na kuficha, na ndiyo sababu mpako rahisi wa rangi mbili hushinda kazi nyingi zenye madoido. Anayeanza akiweza huu tu, ameshika kiini cha ufundi.

Jicho linastahili kutajwa peke yake. Samaki wengi wawindaji hulenga kichwa, kwa kuwa mawindo yakitangulizwa kichwa mapezi na miiba yake hulala na kumezeka bila kukwama. Uzito wa jicho katika maisha ya samaki unaonekana hata kwa wale wanaojikinga: vitatange wengi wana utepe mweusi unaoficha jicho la kweli, na baadhi yao wana doa kubwa jeusi karibu na mkia ili adui apige pasipo kichwa. Kwa hiyo jicho la chambo lichorwe wazi, duara jeupe au la manjano lenye nukta nyeusi katikati, kubwa kidogo kuliko la samaki halisi. Mguso mdogo wa nyekundu nyuma yake, penye matamvua, ni desturi ya zamani inayoiga damu, na karibu na uso wa maji una nafasi ya kuonekana.

Hata hivyo mapambo yana mpaka wake. Samaki ana mstari wa hisia ubavuni unaopokea mitikisiko ya maji, na huweza kukihisi chambo kabla hajakiona. Chambo kisichoogelea vizuri hakiokolewi na rangi. Kwa sababu hiyo sikushauri uanze kwa kuchonga. Uchongaji una elimu yake ya uzito, ulinganifu na pembe. Anza na viwiliwili vitupu vya plastiki au mti vinavyouzwa bila rangi, au chukua chambo kikuukuu kilichobambuka, ambacho tayari kinajulikana kuwa huogelea.

Ng'oa ndoana kwanza, zote. Ndoana ya miba mitatu hujeruhi vibaya mkono unaokigeuzageuza chambo. Kile kibapa cha plastiki kinachotokeza chini ya kichwa na kukifanya chambo kizame, kizibe kwa utepe wa karatasi ili kisipate rangi. Sugua mwili kwa msasa laini, namba 400 inatosha, mpaka mng'ao uishe, kisha osha kwa sabuni ili mafuta ya vidole yatoke. Rangi nyingi zinazobambuka mapema zilipakwa juu ya mafuta hayo.

Tabaka la kwanza liwe jeupe. Rangi nyingi hupitisha nuru kiasi, na weupe ulio chini huirudisha na kuzichangamsha. Rangi ileile juu ya mti mtupu hufifia. Kwa tabaka zinazofuata, akriliki ya maji ndiyo rafiki wa anayeanza: harufu yake si kali, hukauka upesi, na brashi huoshwa kwa maji. Paka nyembamba, subiri, rudia. Rangi ya kucha hung'aa na ni ngumu, lakini vimumunyisho vyake hulainisha baadhi ya plastiki, hivyo ijaribu kwanza pasipoonekana. Mashine ya kupulizia rangi inaweza kungoja. Kipande cha sifongo kilichochovywa kidogo, kikadonadona pale mgongo unapokutana na ubavu, hutoa mchanganyiko laini ambao wengi huamini hauwezekani bila mashine.

Magamba ni rahisi kuliko yanavyoonekana. Vika mwili wavu wenye matundu madogo, kama ule wa mifuko ya matunda, uvute hadi ukaze, ubane kwa vibanio vya nguo chini ya tumbo, kisha donoa rangi nyingine juu yake kwa sifongo iliyokaribia kukauka. Uondoe wavu taratibu. Kila tundu limeacha gamba. Nukta za mwilini na mboni ya jicho huchorwa vizuri kwa kichwa cha pini kuliko kwa brashi, kwa sababu kila mguso hutoa duara la ukubwa uleule.

Ganda la juu ndilo linaloamua kama kazi itadumu. Epoksi, yaani gundi angavu ya sehemu mbili zinazochanganywa ili igande, ikiwa ni ile inayoganda polepole, humpa mpakaji muda wa kuieneza. Changanya kwa vipimo ambavyo kopo linaagiza, koroga bila pupa ili mapovu yasijae, paka tabaka jembamba, kisha endelea kukigeuza chambo mpaka epoksi iache kutiririka. Ukikiacha kining'inie, yote itajikusanya upande mmoja. Rangi iliyo chini lazima iwe imekauka kabisa, la sivyo ganda hufanya ukungu au hunyanyuka. Vaa glavu, fungua madirisha. Epoksi mbichi, na pia resini inayogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno, huweza kuizoesha ngozi mzio ambao haumwachi mtu tena.

Kila tabaka lina uzito, na chambo kidogo huuhisi. Kabla ya kwenda kuvua, rudisha ndoana, jaza beseni, ukitumbukize. Kile cha kuelea kielee wima, mgongo juu. Kikilalia upande, tafuta palipokusanya epoksi, punguza kwa msasa, paka tena ganda jembamba na ujaribu upya. Kikishakaa sawa, kihifadhi mbali na vyambo vya mpira laini: vilainishi vilivyomo ndani ya mpira huo huyeyusha rangi na baadhi ya plastiki ngumu vikigusana kwa muda, na kisanduku kimoja kinaweza kuharibu kazi ya wiki nzima.