Nondo wengi sio viziwi

Bado unasikia watu wanasema mdudu hana masikio, eti nondo (yule mdudu kama kipepeo) anayumbayumba usiku ovyo tu. Hapana. Kenneth Roeder wa Chuo Kikuu cha Tufts kule Marekani alitumia miaka mingi kuchunguza neva (mishipa ya fahamu) za wadudu, na kwenye miaka ya 1950 yeye na mtafiti mwenzake Asher Treat wakapima neva ya sikio la nondo wa kundi moja wakakuta sikio lenyewe (liko kifuani, sio kichwani!) lina seli 2 tu za kunasa sauti ila zinasikia milio ya popo ambayo sisi hatuisikii. Popo akiwa mbali nondo anageuza anatokomea, akikaribia sana anajitupa chini ghafla, yaani anakwepa kuliwa. Sio nondo wote lakini, wengine kweli hawana masikio.