Zana za bustani za mtumba: tunayoyaamini na yalivyo hasa

Mtu akishauriwa anunue koleo au mkasi wa kupogolea uliokwisha kutumika, mambo mawili humjia haraka: kitakuwa kibovu, au kitakuwa cha wizi. Hofu zote mbili zina msingi. Shida ni kwamba hutufanya tukague pasipo na neno na kupita kasi penye tatizo lenyewe.

"Chenye kutu kimekwisha"

Dhana hii imewapotezea watu vyuma vizuri kuliko nyingine yoyote. Kutu ya juujuu, ile ya rangi ya chungwa inayobaki kidoleni ukiipangusa, ni kazi ya usiku mmoja. Loweka chuma kwenye siki, kesho yake kisugue kwa brashi ya waya, kisuuze kwa maji yenye magadi ili kuzima asidi, kikaushe papo hapo, kisha kipake mafuta. Usikisahau humo siku nyingi, kwa sababu siki ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe.

Kutu ya kuogopa ni ile iliyokwisha kuchimba. Pitisha ukucha kwenye bapa: ukinasa kwenye vishimo, hasa karibu na shingo, pale bapa linapoungana na mpini, chuma hapo kimepungua unene na hakirudi. Kwenye koleo, vishimo vya katikati ya bapa havina madhara makubwa. Kwenye mkasi, kishimo kimoja cha makali kinatosha kuufanya utafune tawi badala ya kulikata, na jeraha lililotafunwa huchelewa kufunga.

Mimi kinachonirudisha nyuma kuliko kutu ni makali yaliyogeuka buluu. Hiyo ni alama ya mtu aliyenoa kwa mashine bila kupoza kwa maji, chuma kikafika joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi na kupoteza ugumu wake. Makali hayo yatang'aa siku ya kununua na yatakuwa butu baada ya kazi kidogo tu. Dawa yake ni kuondoa sehemu yote ya buluu kwa tupa, taratibu, hadi ufikie chuma kizima.

"Mpini ukipakwa rangi, zana imetunzwa"

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," na rangi mpya hufanya kazi hiyohiyo. Niliwahi kununua koleo lenye mpini uliopakwa rangi nzito ya kijani. Siku ya tatu, nikiwa nang'oa kisiki kidogo, likavunjikia mikononi mwangu. Nilipoikwangua rangi nikakuta ufa wa zamani, urefu wa kiganja, umejazwa gundi na kufunikwa. Tangu hapo nachagua mpini ulio wazi, hata kama jua limeshaufanya wa kijivu.

Mpini ulio wazi unasomeka. Mistari ya mti ikiteremka sambamba kutoka juu hadi chini, mpini una nguvu. Ikikata mshazari na kutokea ubavuni, ndipo utakapovunjikia. Kisha shika bapa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, usokote. Mpini ukicheza, tazama kama ni skrubu iliyolegea au ni mti uliooza ndani ya shingo. Kichwa kilichotolewa mpini kining'inize ukigonge: chuma kizima hulia na sauti ikabaki hewani, chenye ufa hutoa mlio uliokufa.

Hata hivyo, mpini mbovu peke yake si sababu ya kuacha zana. Mpini hubadilishwa, unachonunua hasa ni kichwa. Ukishaweka mpya, upake mafuta ya mbegu za kitani. Hapa nawasihi wasomaji wawe makini: vitambaa mlivyopakia msivifinyange na kuvirundika pembeni. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kushika moto chenyewe, bila kiberiti. Vitandazeni nje vikauke.

"Mashine ikiwaka mbele yangu, ni nzima"

Inategemea ilikuwa na joto au la. Mashine ya kukata nyasi inayosumbua asubuhi huwaka vizuri ikishapashwa, kwa hiyo kabla ya kuvuta kamba sogeza kiganja karibu na injini. Ukihisi joto, subiri ipoe ndipo ujaribu. Moshi wa buluu usiokoma kwenye injini ya mipigo minne, ile ambayo petroli yake haichanganywi na oili, maana yake inaunguza oili. Kwa zana za betri, kumbuka kwamba betri ya lithiamu huchakaa hata ikiwa kabatini, na mara nyingi betri ya kampuni moja haiingii kwenye zana ya nyingine. Kichwa cha mashine bila betri kinaweza kukugharimu kuliko ulivyodhani.

"Udongo uliokauka hauna ubaya"

Unao. Udongo uliogandama kwenye koleo la mtu unaweza kukuletea minyoo fundo, wale wanaovimbisha mizizi, au bakteria wa mnyauko, na ukishawaingiza kwenye tuta la nyanya huwatoi kirahisi. Oshea zana mbali na matuta, kisha pangusa bapa kwa spiriti ya asilimia 70.

"Bei ya kutupa ni dalili ya wizi"

Bei peke yake haithibitishi kitu. Anayehama nyumba, au aliyerithi banda la mzazi na hana bustani, huuza kwa bei ya chini ili amalize. Na mwizi mzoefu anajua bei ya soko kama wewe.

Kinachosema kweli ni mazungumzo. Aliyeitumia zana anaijua: ilikuwa inakata nini, inakwama wapi, mpini ulibadilishwa lini. Muulize pia chaja iko wapi. Mashine hubebwa usiku, chaja ikabaki imechomekwa ukutani kwa mwenyewe. Muuzaji wa mashine ya betri asiye na chaja wala maelezo yanayoeleweka ananitia shaka mara moja. Halafu tafuta namba ya mashine kwenye bamba au kwenye bodi ya injini. Bamba likiwa limebanduliwa, au namba imesagwa, ondoka. Hakuna matumizi ya kawaida ya bustani yanayofuta namba.

"Nilinunua bila kujua, kwa hiyo ni changu"

Katika nchi nyingi sheria inaanza na jambo moja rahisi: mtu hawezi kukupa miliki ambayo yeye mwenyewe hana. Mwenye mali akiitambua anaweza kuirudisha mikononi mwake, nawe ubaki ukimdai aliyekuuzia, kama utampata. Na ikiwa mazingira yalikuwa ya kutia shaka, unaweza kuulizwa kuhusu kupokea mali ya wizi. Ndiyo maana naandika karatasi kila ninaponunua: tarehe, jina la muuzaji, namba ya mashine, saini. Muuzaji mwaminifu hutia saini bila shida.

"Kufuli kubwa linatosha"

Asubuhi moja nilikuta kufuli langu zima kabisa, bado limefungwa, linaning'inia kwenye kipande chake cha chuma. Kipande hicho kilikuwa kimeng'olewa pamoja na skrubu zake nne na vibanzi vya ubao. Kilichotumika kuking'oa kilikuwa chini: koleo langu mwenyewe, nililoliacha limeegemea ukuta jioni.

Mlango wa banda huvunjwa kwenye skrubu na bawaba. Badala ya skrubu fupi, tumia bolti zinazopenya ubao hadi ndani na kufungwa kwa nati. Bawaba za nje nazo ni hivyohivyo. Usiache nje ngazi wala chochote cha kung'olea mlango. Vifaa vya thamani vipitishie mnyororo mmoja ndani, vikiwa vimefungwa kwenye kitu kisichobebeka.

"Kutia alama kunaharibu thamani"

Zana isiyo na alama ikipatikana, huna namna ya kuonyesha ni yako: koleo zote hufanana. Choma herufi zako kwenye mpini kwa chuma cha moto, na uzigonge pia kwenye shingo ya chuma, maana mpini hubadilishwa. Piga picha ya alama na ya namba, uihifadhi mbali na banda. Siku ukiuza, mpe mnunuzi karatasi inayoeleza herufi hizo ni za nani na kwamba umemuuzia kwa hiari yako.