Koili haipunguzi mwanga kwa wingi wa waya

Wengi hudhani koili (waya uliosukwa kwenye chuma, ukiungwa kwa mfululizo na taa) hupunguza mkondo wa taa kwa sababu waya wake mrefu una ukinzani, kwa hiyo waliwazalo ni kuongeza waya tu. Sivyo. Kazi hufanywa na usumaku unaobadilika mara 50 kwa sekunde, nao hurudisha volti pinzani.

Chukua balbu ya nyuzi ya wati 100, volti 240. Tukitaka ipate volti 160, mkondo wake huwa kama ampea 0.33. Koili hubeba volti 179, si 80, kwa kuwa volti hizo mbili hazifiki kilele pamoja. Hapo inahitajika henri 1.7 (henri ni kipimo cha uwezo wa koili kurudisha volti pinzani). Rezista, yaani kizuia mkondo cha kawaida, ingepoteza wati 26 kama joto. Waya wa koili yenye ohmu 30 hupoteza wati 3 tu, bila kuhesabu joto dogo la chuma.

Suka mizunguko 1,500 ya waya wa shaba wa mm 0.4 kwenye chuma cha transfoma chenye mguu wa kati wa sm² 6. Kirekebishi ni pengo la hewa katika chuma hicho: jumla ya mm 1 hivi hutoa henri hizo. Ukilipanua taa hung'aa zaidi, ukilibana hufifia. Zima umeme kabla ya kuligusa, kisha kaza chuma, maana kikilegea huvuma. Usitumie nondo nzima badala ya vipande vyembamba, itachemka.

Kwenye betri ya sola koili hii haifai: umeme wa DC, yaani wa mkondo wa upande mmoja, hauna mabadiliko, hubaki zile ohmu 30.