Mwacheni aandike kwa mkono wa kushoto

Kila shule zinapofunguliwa mwezi Januari, kitengo chetu cha tiba kwa vitendo hapa Mbeya, kinachowasaidia watu kumudu shughuli za kila siku kama kula, kuvaa na kuandika, hupokea wazazi wenye ombi linalofanana. Mtoto ameanza darasa la awali au la kwanza, anashika penseli kwa mkono wa kushoto, na mwalimu au bibi ameshauri arekebishwe mapema kabla hajazoea. Wengine huwa wameshaianza kazi hiyo nyumbani. Nimepokea watoto waliofungwa kitambaa kiganjani, waliochapwa rula kwenye vidole, na mtoto mmoja wa kike kutoka Mbarali aliyepakwa pilipili mkononi. Alikuja na macho mekundu yaliyovimba, maana alipolia alijifuta machozi kwa mkono uleule.

Wazazi hawa hawana nia mbaya. Wanaogopa mtoto ataonekana hana adabu, au atabaki nyuma darasani. Ndiyo maana napenda kuwaeleza sayansi inasema nini, badala ya kuwaambia tu "acheni" na kuwarudisha nyumbani na wasiwasi wao.

Kuchagua mkono huanza mtoto angali tumboni. Peter Hepper wa Chuo Kikuu cha Queen's kilichoko Belfast, pamoja na wenzake, walitumia ultrasaundi kutazama watoto ambao hawajazaliwa. Waliona kuwa tangu mimba ina wiki 15 hivi, walio wengi hunyonya kidole gumba cha kulia na wachache cha kushoto. Baadaye waliwafuatilia 75 kati yao walipofika umri wa miaka 10 hadi 12. Wale 60 walionyonya gumba la kulia wote walikuwa wanatumia mkono wa kulia. Kati ya 15 walionyonya la kushoto, 10 walikuwa wa mkono wa kushoto na watano wa kulia. Tumboni hakuna aliyewafundisha wala kuwaharibu.

Kurithi kumo, lakini si kama watu wanavyodhani. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliochambua vinasaba vya watu zaidi ya milioni 1.7, ukakuta sehemu 41 za vinasaba zinazohusiana na kutumia mkono wa kushoto, kila moja ikichangia kidogo sana. Tafiti za mapacha nazo zinakadiria kuwa urithi unaeleza kama robo tu ya tofauti hizi kati ya watu. Mapacha wa kufanana kabisa wanaweza kutofautiana, Kulwa akitumia kulia na Doto kushoto. Kwa hiyo lile swali la "huyu kamrithi nani?", ambalo kwenye vikao vya familia huishia kwa mama na ukoo wake, halina msingi. Watoto wengi wa mkono wa kushoto wamezaliwa na baba na mama ambao wote wanatumia wa kulia.

Ni wengi kiasi gani? Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2020, uliokusanya takwimu za watu zaidi ya milioni mbili kutoka tafiti mbalimbali, ulipata asilimia 10.6, wanaume wakiwazidi wanawake kidogo. Darasa la watoto 60 linatarajiwa kuwa na sita hivi. Mwalimu akihesabu darasani kwake akakuta mmoja au hakuna, ajiulize wengine wamejificha wapi. Jirani zetu wa ng'ambo ya mto Songwe wanatupa fununu: katika utafiti uliofanyika Malawi na kuchapishwa mwaka 2006, robo tatu ya waliohojiwa walisema mkono wa kushoto usitumike kwa shughuli za kila siku, na wengi wao waliona mtoto alazimishwe kubadili. Sidhani kama ukiuliza Kyela au Tukuyu ungesikia tofauti sana.

Sasa twende kwenye ubongo wenyewe. Ubongo una nusu mbili, na nyuzi nyingi za neva zinazoamrisha misuli huvuka upande mwingine zikifika sehemu ya chini ya shina la ubongo. Hivyo nusu ya kushoto huongoza mkono wa kulia, na nusu ya kulia huongoza mkono wa kushoto. Nusu hizo zimegawana pia kazi nyingine. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alimchunguza baada ya kifo mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka chochote zaidi ya silabi "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Broca alikuta jeraha mbele katika nusu ya kushoto ya ubongo. Aliendelea kukusanya wagonjwa wa namna hiyo, na kufikia mwaka 1865 alieleza wazi kuwa uwezo wa kuzungumza hukaa zaidi upande wa kushoto.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mtu wa mkono wa kushoto yeye ni kinyume chake, lugha yake imo kulia. Sivyo ilivyo. Utafiti wa Stefan Knecht na wenzake huko Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2000, ulipima mtiririko wa damu kwenye ubongo wa watu 326 wenye afya. Kati ya wale wa mkono wa kulia hasa, ni asilimia 4 tu ambao lugha yao ilitawaliwa na nusu ya kulia. Kati ya wale wa mkono wa kushoto hasa, walikuwa asilimia 27. Maana yake hata hawa, wengi wanazungumza kwa kutumia nusu ileile ya kushoto kama watu wengine. Hesabu hii ivunje pia ile dhana inayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba mtu wa mkono wa kushoto hutawaliwa na nusu ya kulia ya ubongo, hivyo ni wa sanaa, na wa mkono wa kulia ni wa hesabu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walikagua picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000 na hawakuona watu wa "upande mmoja wa ubongo". Sote tunatumia pande zote mbili, zikiwasiliana kupitia tita la nyuzi takribani milioni 200.

Je, mkono unaweza kubadilishwa? Unaweza kufundishwa, ndiyo. Lakini watafiti wa Ujerumani waliochapisha kazi yao mwaka 2007 waliwapima watu wazima waliolazimishwa utotoni kuandika kwa mkono wa kulia. Sehemu za ubongo zinazotekeleza mwendo zilikuwa zimehamia upande mwingine, ila zile zinazoupanga mwendo ziliendelea kufanya kazi upande wa kulia, kama kwa mtu wa mkono wa kushoto. Miaka yote ile ya kulazimishwa haikumfanya mtu kuwa wa mkono wa kulia. Ilimwongezea mzigo, na mzigo huo tunambebesha mtoto wakati uleule anapojifunza herufi zake za kwanza.

Najua suala la heshima ni zito kwetu. Kuanzia Rungwe mpaka Mufindi, mtoto hampi mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto, na ugali huliwa kwa kulia. Hilo mtoto anaweza kufundishwa, tena kwa upole, kama anavyofundishwa kupiga goti au kupokea kwa mikono miwili. Kusalimia na kupokea hakuhitaji ustadi mkubwa wa vidole. Kuandika, kushona na kukata kunauhitaji, na huko aachiwe mkono wake.

Walimu wanaweza kumsaidia bila gharama yoyote. Mtoto huyu akae mwisho wa dawati upande wa kushoto, kiwiko chake kisigongane na cha jirani. Daftari liwe kushoto kwa kifua chake, na liinamishwe kona ya juu ya kushoto ikae juu zaidi ya ile ya kulia. Ashike penseli juu kidogo, kama sentimita tatu kutoka kwenye ncha, ili aone anachoandika na mkono usifute wino. Akigeuza herufi kama kwenye kioo asichapwe. Watoto wengi wanaoanza kuandika hufanya hivyo, hata wa mkono wa kulia. Shambani, mundu ambao makali yake yamechongwa upande mmoja humteleza. Fundi anaweza kuuchonga upande wa pili.

Kuna hali moja ambayo mzazi asiipuuze. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja anatakiwa kutumia mikono yote. Kama tayari ananyoosha mkono mmoja tu, wowote ule, na mwingine ameukunja ngumi au ameuacha, mleteni hospitali. Huenda mkono ule mwingine ni dhaifu kutokana na jeraha la ubongo, na mazoezi yakianza mapema humsaidia sana. Vivyo hivyo kwa mkubwa aliyeishiwa nguvu ghafla upande mmoja au aliyepotewa na maneno: hicho kinaweza kuwa kiharusi, awahishwe hospitali papo hapo. Ndugu wanaomleta watuambie kabla ya kuugua alikuwa akitumia mkono gani, na kama aliwahi kulazimishwa kubadili utotoni. Tunapopanga mazoezi ya kumrudisha kwenye kula, kuvaa na kuandika, tunahitaji kujua ni mkono upi aliokuwa akiutegemea.