6174: dhana potofu na ukweli wake

Chukua 1905, mwaka ambao Vita vya Maji Maji vililipuka kwenye vilima vya Umatumbi, Kilwa. Panga tarakimu zake kuanzia kubwa: 9510. Zipange kuanzia ndogo: 0159. Toa ya pili kwenye ya kwanza, unapata 9351. Rudia kwa jibu hilo: 9531 – 1359 = 8172. Endelea hivyo na zitafuata 7443, 3996, 6264, 4176, kisha 6174. Hapo inagota, kwa sababu 7641 – 1467 ni 6174 ileile. Karibu kila namba ya tarakimu nne huishia hapo.

Dhana: Ni namba ya bahati, hata mkeka unaweza kuwekewa.
Mkeka utachanika tu. Kinachotokea ni kwamba jibu la kila hatua hutegemea mapengo mawili: kati ya tarakimu kubwa na ndogo kuliko zote, na kati ya zile mbili za katikati. Zidisha pengo la kwanza kwa 999, la pili kwa 90, ujumlishe. Kwa 7641 mapengo ni 6 na 2, yaani 5994 + 180 = 6174. Mapengo hayo yanaweza kukaa kwa namna 54 tu, hivyo namba 9,990 zinazoingia hatua ya kwanza (0000 hadi 9999, bila zile kumi zenye tarakimu zote sawa) hutoka zikiwa zimebaki 54, na zote huelekea 6174.

Dhana: Kila namba ya tarakimu nne hufika 6174.
Zenye tarakimu zote sawa, kama 2222, huishia sifuri.

Dhana: Sifuri ya mbele haina kazi.
Hapa ndipo wengi huharibu, hasa wanaotumia kikokotoo cha simu, maana chenyewe huificha. Anza na 1000: 1000 – 0001 = 0999. Ukiandika 999, hatua inayofuata ni 999 – 999, na mchezo umekufa. Ukiiacha sifuri: 9990 – 0999 = 8991, kisha 8082, 8532, 6174.

Dhana: Namba zinazokaribiana huchukua hatua sawa.
1905 imechukua saba, na hakuna inayozidi hapo. Lakini 1909, mwaka msafara mkubwa wa Wajerumani ulipoanza kuchimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, Lindi, huchukua tatu tu: 9711, 8532, 6174.

Dhana: Tarakimu zikiwa tatu au mbili mambo ni yaleyale.
Tatu huishia 495. Mbili hazina kituo. Huzunguka 09, 81, 63, 27, 45 na kurudi 09.

Dhana: Iligunduliwa na kompyuta.
Ni D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule huko Deolali, India, mwaka 1949.

Dhana: Ukifika 6174, hesabu yako ilikuwa sahihi.
Hii ndiyo inayomponza mwalimu anayesahihisha kwa kuangalia jibu la mwisho. Mwanafunzi wa Masasi akikosea katikati, amepata tu namba nyingine ya kuanzia, nayo kwa kawaida itafika kulekule. Kagua kila hatua kwa kujumlisha tarakimu za jibu: lazima ziwe 18, au 27 ikiwa mbili za katikati zililingana. Kwenye 9510 – 0159, aliyekopa kumi akasahau kupunguza moja atapata 9361 badala ya 9351. Jumla ni 19, amekamatika. Aliyeandika 9531 kwa kupindua tarakimu hatakamatwa, lakini hilo halina madhara: hatua inayofuata inazipanga upya hata hivyo.